Huyo Si Ndege, Huyo Ni Shore

Miaka michache iliyopita nilipeleka shairi langu la beti saba kwa mhariri mmoja aliyekuwa akikusanya diwani ya washairi wa pwani. Ubeti wa kwanza ulifunguka hivi:

Chozi katua uani, mdomo ndani ya ua,
Yu mweusi kivulini, ni kijani kwenye jua.

Diwani ilipotoka, nilikuta mishororo hiyo imechapwa namna hii:

Chozi latua uani, likadondoka kwa ua,
Ni jeusi kivulini, ni kijani kwenye jua.

Tazameni, malenga wenzangu, kazi hii ilivyofanywa kwa uangalifu. Mizani ni nane kwa nane, haikupungua hata moja. Vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake. Upatanisho wa kisarufi umefuatwa hadi kwenye kivumishi, "mweusi" akageuzwa "jeusi" kama ngeli inavyodai. Mhariri huyo hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu wa kubahatisha. Alichokosa ni kitu kimoja: hakujua kwamba chozi ni ndege. Kwake yeye chozi ni tone litokalo jichoni, basi. Akamwondoa kiumbe hai mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya mshona mikeka, akaweka badala yake tone la maji lililo jeusi kivulini na kijani juani, kioja ambacho hakijapata kuonekana usoni pa mwanadamu yeyote. Nilipompigia simu kumlalamikia, alinijibu kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, ungeandika 'ndege' tu, wasomaji wangekuelewa."

Jibu hilo ndilo ninalolipinga leo, na silipingi kwa sababu ya shairi langu peke yake. Shairi langu si hasara kubwa. Hasara ni hilo neno "tu".

Mhariri yule simtwishi lawama zote, kwa maana hata angefungua kamusi huenda asingepona. Wenye mazoea ya kupekua kamusi zetu wanaifahamu vyema ibara ile ya maneno matatu: "aina ya ndege". Tafuta tiva, tafuta kwenzi, tafuta kurumbiza, tafuta pasa. Mara nyingi utaikuta ibara hiyo imekaa inakungoja, na ukibahatika utaongezewa rangi au ukubwa. Samaki nao wana ya kwao, na miti ina ya kwake. Sasa nauliza: kamusi ingethubutu kutueleza kwamba jahazi ni "aina ya chombo", kisha ikanyamaza? Ingethubutu kusema biriani ni "aina ya chakula"? Tungeirudisha dukani siku hiyo hiyo na kudai fedha zetu. Kwa viumbe wanaoishi nasi uani, wanaokula mapapai yetu na kulala kwenye mapaa yetu, tumekubali fasili ambayo haimwezeshi mtu yeyote kumtambua mwenye jina. Neno limehifadhiwa, aliyeitwa kwa neno hilo amepotea.

Naishi Tanga, katika nyumba yenye ua mdogo. Mna mkomamanga, mna migomba mitatu, mpapai mmoja uliozeeka, mpilipili, na mnazi wa jirani unaoinamia kwetu kana kwamba unasikiliza mazungumzo. Nimeweka kigae cha maji chini ya mkomamanga. Hiyo ndiyo bustani yangu yote, na kwa muda wa miaka minne sasa nimekuwa nikikaa kwenye dirisha la jikoni asubuhi, kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, nikiwapiga picha wageni wanaokuja. Nilianza kwa kujifurahisha. Nilikuwa na picha zaidi ya mia nne kabla sijagundua kwamba sikuwa na majina zaidi ya saba.

Jirani yangu ni bibi mmoja wa makamo ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Siku moja alipita kuomba limau, nikamwonyesha picha niliyojivunia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Hebu mtazame ndege huyu niliyempata leo."

"Marahaba, mwanangu." Akaisogeza simu mbali na macho kama wafanyavyo wazee. "Huyo si ndege. Huyo ni shore. Ndege ni ile," akanyoosha kidole juu ya paa, ambako ndege ya kwenda Unguja ilikuwa inapita.

Nilicheka. Baadaye, aliponiacha na picha yangu, nilitambua kwamba katika sentensi mbili Bi Mkubwa alikuwa ameipiga kumbo elimu yangu yote ya diwani na arudhi. Anajua, bila shaka, kwamba shore ni katika ndege. Ila hajawahi kumwona "ndege" akila pilipili zake. Aliyemwona ni shore. Hajapata kufukuza "ndege" kwenye mpunga uliotandazwa mkekani. Aliofukuza ni tetere na mnana. Kwake neno la jumla ni la mtu aliye mbali, asiyeona vizuri, na pengine ndiyo maana limemfaa kwa chombo kile cha chuma kilichokuwa angani.

Tangu siku hiyo nilianza upya. Kila picha nilimpelekea, na yeye akanipeleka kwa kaka yake aliyekuwa mgema, na huyo akanipeleka kwa kijana mmoja anayetega kware huko mashambani. Nikajifunza kwamba wale wenye mikia mirefu kuliko miili, wanaoning'inia kwenye mpapai kwa makundi kama wezi waliogawana zamu, ni kuzumburu, na kwamba wengine huwaita pasa. Nikajua kwamba anayechana uzi wa jani la mnazi, akaruka nao umepeperuka nyuma yake, ni mnana. Yule wa kahawia anayejificha kwenye vichaka, mwenye sauti kama ya maji yamwagwayo kutoka kwenye mtungi wa shingo nyembamba, ni dudumizi, na Bi Mkubwa hawezi kumsikia asiangalie mawinguni. Usiku kuna komba, kuna popo wa kwenye mapapai, kuna mjusi kafiri kwenye taa ya baraza akiwawinda nondo mmoja mmoja bila pupa. Na kuna vunjajungu, ambaye watoto wa mtaani bado hawathubutu kumgusa wasije wakavunja vyombo vya mama zao.

Hapo ndipo nilipomtazama chozi kwa haki. Dume lake, akikaa kivulini, ni kijiti cheusi. Akigeuza shingo pakaingia mwali mmoja wa jua, analipuka kijani, na kifuani panatokea mshipi wa zambarau iliyokolea. Picha zangu kumi za kwanza zote zilikuwa nyeusi, nikadhani simu ni mbovu. Kumbe rangi ile haimo ndani ya manyoya kama wino ulivyo ndani ya nguo. Hutokana na jinsi manyoya yalivyoumbwa na jinsi yanavyourudisha mwanga, kwa hiyo bila jua na bila pembe inayofaa haipo. Mshororo wangu wa pili ulizaliwa kwenye simu hiyo, baada ya makosa kumi. Sikuupata kwenye mashairi ya mtu mwingine.

Basi mtaona kwamba sina ugomvi na kamera. Ugomvi wangu ni na maandishi yaliyo chini ya picha.

Siku hizi karibu kila mwenye simu ni mpiga picha, nami nafurahi. Katika makundi ya WhatsApp ya wapenda lugha, ambamo tunagombana siku tatu kuhusu kiambishi kimoja, kila asubuhi hutumwa picha ya kiumbe aliyetua kwenye bustani ya mmoja wetu. Nimeona picha kali ya chozi dume, imeandikwa chini yake "ndege-jua akifurahia asubuhi". Nimeona kuzumburu akiitwa "ndege-panya". Nimeona mnana, uzi wa jani mdomoni, akiitwa "ndege mfumaji". Na iliyonikosesha usingizi ni picha ya komba, macho kama vikombe vya kahawa, iliyoandikwa: "Mtoto wa kichaka ametutembelea usiku." Mtoto wa kichaka! Katika lugha ambayo mlevi wake husemwa amelewa kama komba, kwa sababu watu walimwona mnyama huyo akipanda mnazi usiku na kunywa tembo kwenye kibuyu cha mgema! Hiyo methali nzima, pamoja na mgema wake na mnazi wake, imetupwa nje ili pawekwe tafsiri ya jina la Kiingereza, neno kwa neno, na mtafsiri akaona ametajirisha lugha.

Watu hawa si maadui wa Kiswahili. Wengi wao ni wakali kuliko mimi katika kukataa maneno ya kigeni. Wangeona aibu kuandika jina la Kiingereza, ndiyo maana wanalitafsiri. Ninachowaambia ni hiki: mlilikimbia neno la Kiingereza mkaingia ndani ya kichwa cha Mwingereza. Mwingereza alipomwona chozi alifikiri juu ya jua, akampa jina la jua. Alipomwona kuzumburu akitambaa matawini, alifikiri juu ya panya. Ni macho yake, ana haki nayo. Ila pwani hii ilikuwa na macho yake, nayo yaliona mengine. Anayegogota mti akaitwa kigogota. Anayelia usiku wa mbalamwezi kwenye kingo za maji akaitwa chekeamwezi, na mimi nasema hakuna mshairi aliye hai katika lugha hii ambaye asingejivunia kulibuni jina hilo. Kabla ya kuunda neno jipya, ni wajibu kuuliza kama la zamani halijakaa tu upande wa pili wa ukuta, likiomba limau.

Mtu anaweza kusema: huo ni upenzi wa majina tu, dunia haitaharibika komba akiitwa mtoto wa kichaka. Nampa mfano wa Uingereza kwenyewe. Tangu 1979 shirika la kuhifadhi ndege la huko, RSPB, limekuwa likiwaomba watu wa kawaida wakae kwa saa moja, mwishoni mwa juma moja la Januari, wahesabu ndege waliotua bustanini mwao. Lilianza kama shughuli ya watoto. Kwa hesabu hizo za madirishani ilibainika kwamba shomoro, ndege aliyedhaniwa hawezi kupungua, alikuwa amepungua kwa zaidi ya nusu katika bustani hizo. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu bibi wa miaka themanini na mjukuu wa miaka minane, wakikaa dirisha moja, wana jina moja la ndege mmoja. Wakisema shomoro, wote wanamwona huyo huyo.

Sasa njooni kwetu. Wazee wa mtaa wangu husema, "Ndege wamepungua siku hizi." Waulize, ndege gani? Bi Mkubwa atakujibu: tiva hasikiki tena, ninga hawaji kwenye mikuyu kwa sababu mikuyu haipo, kunguru weusi wa shingo ya kijivu, wale waliotoka Bara Hindi na kuingizwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wamezidi mpaka wanakula makinda ya wenzao. Huo ni ushahidi. Mwulize mwanawe, atakujibu: ndege tu, wale wadogo wadogo. Mwulize mjukuu wake, naye hatakuwa na la kujibu, kwa maana hakujua kwamba walikuwapo. Katika vizazi vitatu tumetoka kwenye ushahidi tukafika kwenye kimya, na hakuna aliyetunyang'anya kitu. Tuliacha tu kuuliza.

Hata kijiografia jambo hili limetukalia karibu. Juu ya milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kuna Amani. Katika vitabu vya ndege vya dunia nzima kuna chozi anayeitwa kwa jina la mahali hapo. Kuna chozi mwingine wa milima yetu anayeitwa kwa jina la Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika Amani 1928 kufanya kazi katika kituo cha utafiti na akatumia miaka yake kuwatazama ndege. Mnamo 1938 Moreau huyo alimtangaza kwa wanasayansi ndege mmoja mdogo wa milima ya Uluguru, akampa jina la mkewe, Winifred. Wapo wanaokasirika wakisikia habari hizi. Mimi sikasiriki. Mtu alikaa, akatazama, akataja, na akampenda mkewe. Ninachouliza ni kwa nini sisi, tuliokaa hapa muda wote huo, tunamiliki neno "Amani" bila ya kuweza kumwonyesha ndege wa Amani kwa kidole.

Nifike kwa malenga, maana hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Katika mashairi yetu ya mapenzi kuna ndege wangapi? Njiwa, tausi, kasuku, na pengine kinega kwa mwenye kusoma sana. Njiwa ni mjumbe, tausi ni mwendo, kasuku ni maneno. Tausi hajapata kutua uani pa mshairi yeyote ninayemjua. Hatumwoni, tunamrithi. Tunamtoa kabatini kama sahani za wageni, tunamfuta vumbi, tunamweka mezani, tunamrudisha. Sina neno na mapokeo, nimelelewa nayo. Ila mapokeo yenyewe hayakuwa hivi. Aliyetunga Al-Inkishafi, alipotaka kutuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki matupu, hakutosheka kusema kwamba wanyama wameingia. Kaning'iniza makinda ya popo darini, kavumisha mende vyumbani, kaliza nyenje. Kwa sababu hiyo bado tunayasikia majumba yale. Kweli, penye vidaka vya sahani alisema makinda ya ndege kwa jumla, na wapo watakaonikumbusha. Nawajibu: yeye alikuwa na popo, mende na nyenje ubeti wa karibu, akaweza kumudu neno moja la jumla. Sisi tuna la jumla peke yake.

Najua hoja mbili zinazokuja, kwa kuwa nimeshazisikia.

Ya kwanza inasema kwamba majina haya hayana usanifu. Huku kurumbiza ni huyu, kule ni yule. Huku tetere, kule pugi. Sasa mshairi afuate lipi? Ni kweli. Nilipouliza juu ya kurumbiza, mzee mmoja alinionyesha ndege wa manjano wa kwenye miembe, na mwingine, wa kijiji cha pili, akanionyesha mwimbaji wa kifua cha rangi ya chungwa anayejificha vichakani. Wote wawili walikuwa tayari kuapa. Ila hebu tafakari: tangu lini tofauti za lahaja zikawa hoja ya kuzika maneno? Tungefuata hoja hiyo, tusingekuwa na Kimvita wala Kiamu ndani ya ushairi wetu, na nusu ya tungo tunazozienzi zingekuwa zimefutwa. Tena hapa ndipo kamera inapoweza kufanya kazi ambayo wanakamusi wa zamani hawakuwa na chombo chake. Wao waliandika "aina ya ndege" pengine kwa sababu msemaji alitaja jina na ndege alikuwa ameshakwenda zake. Wewe unaye ndege mkononi, ametulia, anaonekana mpaka kucha. Peleka picha hiyo kwa wazee wawili wa vijiji viwili, andika kila mmoja amesema nini na yuko wapi, nawe kwa asubuhi moja umefanya jambo ambalo fasili ile haikulifanya kwa miaka yote.

Ya pili inasema ushairi si elimu ya viumbe. Msomaji hatamjua kuzumburu, shairi litamfungia mlango. Hoja hii hutolewa na watu wale wale wanaotutaka tutumie "ngoa", "ghera" na "maozi", kisha tuweke sherehe mwishoni mwa diwani. Msomaji anastahili kutaabika kwa neno la kale la wivu, lakini asitaabike kwa jina la kiumbe aliye juu ya mpapai wake? Na huyo msomaji mnayemhurumia, mara nyingi bibi yake anamjua kuzumburu kwa jina na kwa tabia. Mnayemfungia mlango ni bibi.

Sasa niseme la kwangu, maana nisingependa msomaji adhani nahukumu nikiwa nimekaa pembeni.

Mwaka jana chozi jike alijenga kwenye mkomamanga, mita nne kutoka dirishani. Kijumba chake ni kifuko kinachoning'inia, cha nyasi na vipande vya majani makavu, kimefungwa kwa tandabui. Anakwenda kwenye pembe za paa, anachukua utando wa buibui kwa mdomo, anarudi, anauzungusha. Mlango uko ubavuni, na juu yake kaweka kibaraza kidogo. Ndani katandika sufi. Alifanya kazi hiyo yote mwenyewe, dume akiimba juu ya waya wa umeme. Nilipiga picha kila siku. Makinda wawili walipototolewa, nilitaka picha ya midomo yao wazi, na kulikuwa na vitawi vitatu vilivyonizuia kuona. Nikatoka na mkasi wa jikoni nikavikata. Vitatu tu. Picha niliipata, nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na jioni niliituma kwenye kundi nikapongezwa na watu wengi.

Kesho yake alfajiri nilisikia kishindo kwenye majani. Kunguru wawili walikuwa mkomamangani. Vile vitawi vitatu ndivyo vilivyokuwa vinawazuia na wao kuona. Nilipofika, kifuko kilikuwa kimechanika toka mlangoni mpaka chini, sufi imetapakaa. Chozi jike alikuwa juu ya waya, na sauti yake sitaisahau. Ilikuwa kama ya kokoto mbili zinazogonganishwa, haikukoma mpaka saa nne.

Bi Mkubwa alikuja akatazama mkasi uliobaki kwenye kizingiti. Hakunigombeza. Alisema, "Ulitaka kumwona, mwanangu, au ulitaka aonekane?" Sikumjibu wakati ule, na kusema kweli hata sasa sina jibu ninaloliridhia.

Picha ile bado inazunguka. Wiki iliyopita ilinirudia kutoka kwenye kundi jingine, mtu asiyenijua ameipamba kwa maandishi ya dhahabu: "Upendo wa mama. Ndege-jua na wanawe." Makinda wale waliishi saa kumi na mbili baada ya picha hiyo, na hawakupata hata kuitwa kwa jina lao.

Kwa hiyo sitaki tuongeze picha. Tunazo za kutosha. Nataka kila mmoja wetu arudi kwenye zile alizonazo, atafute mtu mzima wa mtaani kwake mwenye kujua, amwamkie, aketi naye, amwulize. Aliandike jina kama lilivyotamkwa, bila kulisanifisha. Aandike ni wapi, ndege alikuwa kwenye mti gani, alikuwa anafanya nini, na ngeli iliyotumika. Maana chozi hili na machozi haya ni jambo moja, na chozi huyu na chozi hawa ni jambo jingine, na diwani nzima inaweza kuharibika katikati yao. Kisha aiweke picha hiyo mahali ambapo wanakamusi wataiona, na atakayeandika tena "aina ya ndege" tumwulize hadharani, aina ipi? Na malenga atakayetaka kumtia ndege shairini, ninamwomba kitu kimoja tu: awe amemtazama kwa asubuhi moja nzima, bila simu. Akishindwa, amwache tausi apumzike pia.

Mhariri wa diwani ile ameniahidi kwamba chapa ya pili ikitoka atarudisha mishororo yangu. Nimemwomba asiweke sherehe.

Juzi chozi jike amerudi. Sijui kama ni yule yule. Amechagua tawi la ndani zaidi, upande wa ukuta, na nimemwona mara sita akipita na tandabui mdomoni. Nimeandika kwenye daftari tarehe, mti na jina. Mkasi nimempa Bi Mkubwa. Picha sijapiga.